Naenda kazi Doha: ritani za KRA nazo?

Mwana wa Langoni
Assalaam alaykum wajuzi. Naondoka Lamu mwezi wa 9, mkataba wa miaka 2 Doha. Nyumba ya Langoni chini ina mpangaji wa 25,000 kwa mwezi, juu wanabaki mke na watoto. Kule mshahara haukatwi kodi. Ritani za huku (taarifa za kodi za kila mwaka kwa KRA, mamlaka ya kodi Kenya) niache, au niwe najaza sufuri?

Karani wa Mkunguni
Waalaykum salaam. Sufuri usijaze, una pango. (Kwetu "kodi" ni mbili, ya mpangaji na ya serikali; ndiyo watu huchanganya.) Pango likizidi 288,000 kwa mwaka, na lako ni 300,000, unatozwa 7.5% bila kutoa gharama yoyote: 1,875, ilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mpangaji akihama, mwezi huo ndio wa sufuri. Ritani ya mwaka mwisho ni 30 Juni. Ukichelewa, faini ni 2,000 au 5% ya kodi, ile iliyo kubwa.

Bahari Njema
Kubwa zaidi ni mshahara. Sheria yetu yasema mwenye makao ya kudumu Kenya akikanyaga nchini muda wowote katika mwaka, ni mkazi mwaka huo. Zile siku 183 ni za asiye na makao. Wewe mwaka huu tayari ni mkazi, na mshahara wa Doha wa Septemba hadi Desemba unaingia kwenye ritani. Mwakani ukija Maulidi hata siku 3, vivyo hivyo. Mkataba wa kodi wa Kenya na Qatar upo, lakini ukiwa na makao pande zote hutazamwa familia na mali viko wapi. Vyako viko Langoni.

Mwana wa Langoni
Basi nijiandikishe si mkazi, yaishe?

Bahari Njema
Hakuchaguliwi, ndugu yangu, ni hali yako ilivyo. Na asiye mkazi pango lake hukatwa 30%: 7,500 badala ya 1,875. Tena hapati ile nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi anayopata mkazi.

Karani wa Mkunguni
Kabla ya kupanda ndege, chukua P9 (hati ya mshahara na kodi uliyokatwa mwakani) kwa mwajiri wa huku. Ukiwa mbali utazungushwa. Ingia iTax, tovuti ya KRA, uangalie baruapepe iliyoko. Wengi pin zao (nambari za mlipakodi) zilifunguliwa saiba kwa baruapepe ya mwenye saiba, na nywila ikipotea inatumwa huko huko. Mkataba wa kazi, hati za mshahara na kurasa za pasipoti zenye mihuri, weka miaka 5.