Mbwa mzee ana tatizo la kongosho na miguu inamuuma, maumivu nayadhibiti vipi?

mama_popi:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo. Nina mbwa jike anaitwa Popi, mchanganyiko wa shepadi na hawa wetu wa kienyeji, ana miaka 11. Mwaka jana alianza kutapika na kukataa chakula, tumbo ukiligusa anakaza, halafu anakaa ule mkao wa kifua chini matako juu kama anasujudu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo akampiga ultrasaundi na kumtoa damu akasema kongosho limevimba. Akatibiwa akapona ila tangu hapo linarudi rudi, sio kali kama mwanzo lakini kuna siku unamuona kabisa leo hayuko sawa. Sasa juu ya hilo miguu ya nyuma nayo imechoka, asubuhi kunyanyuka ni shughuli na ngazi za barazani hapandi tena. Mtu wa mifugo huku mtaani anataka amchome dexa (deksamethasoni, sindano ya steroidi) kila akizidiwa, anasema mbwa wazee wote ndio dawa yao. Jirani yeye anasema nimpe diklofenaki nusu kidonge. Naogopa vyote. Wenye mbwa wazee mnafanyaje? Na chakula je, maana hapa anakula ugali na tunachokula sisi, hela ya makopo kila siku sina.

Chaupele:
Diklofenaki USITHUBUTU dada yangu. Na ibuprofeni hivyo hivyo. Mbwa tumbo linatoboka vidonda na figo zinakufa, hata hiyo nusu ni nyingi. Jirani mwambie akanywe mwenyewe.

kota_za_mifugo:
Nimefanya kazi kliniki ya wanyama miaka mingi kwa hiyo ngoja niandike kirefu kidogo. Cha kwanza elewa huyo Popi ana maumivu mawili tofauti, la tumbo na la viungo, na dawa nzuri ya hili inaweza kuliharibu lile. Dawa za viungo wanazoandikiwa mbwa wengi ni meloksikamu au kaprofeni, ni nzuri tu, lakini mbwa anayetapika, hali, hanywi maji, hapewi, kwa sababu mwili ukishakauka maji dawa hizo zinaumiza figo na tumbo. Kwa hiyo anaweza kuitumia siku zile yuko vizuri, baada ya kupimwa figo na ini, na siku akianza kutapika unasimamisha hapo hapo na kumpigia daktari.

Dexa ndio inanikera zaidi, maana inafanya mbwa achangamke kesho yake na mwenye mbwa anafurahi analipa, kumbe ukiichoma mara kwa mara inakula misuli, na huyo miguu ya nyuma tayari haina nguvu. Tena ikikutana na meloksikamu kwenye mwili mmoja hatari ya vidonda vya tumbo inapanda sana. Lazima umwambie kila anayemtibu dawa zote alizopata.

Kwa mbwa wa aina hii mimi ningemuuliza daktari habari ya gabapentini, dawa ya maumivu inayofanya kazi kwenye neva. Haigusi tumbo wala kongosho kama zile nyingine, siku za mwanzo atasinzia na kuyumba kidogo halafu anazoea. Dozi ni kwa uzito na figo zake, usikadirie. Usiiache ghafla. Na chukua vidonge, ile ya maji ya binadamu nyingine zimewekwa sukari ya zailitoli ambayo ni sumu kwa mbwa. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, watu wanaipenda lakini ini la mbwa haliigeuzi kama la kwetu, mbwa wenye viungo vibovu waliofanyiwa utafiti hawakupata nafuu ya maana. Siku za kongosho kuna maropitanti, inazuia kutapika na tumbo nalo linatulia kidogo, ila likiwaka kweli kweli anahitaji sindano kali za maumivu pale kliniki.

Halafu ameshapimwa magonjwa ya kupe? Kwetu huku hili huwezi kuliruka. Erlikia inaumiza viungo vizuri tu na mwenye mbwa akadhani ni uzee, na babesia kali inaweza kulivuruga hata kongosho. Ukiwa karibu na Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama.

Sele_wa_bandani:
Miaka 11 mbwa ameshakula chumvi ya kutosha, mpumzisheni jamani mnamtesa

kota_za_mifugo:
@Sele hayo mazungumzo yapo na yana wakati wake, siku mbaya zikizidi nzuri na dawa zimegoma. Huyu dawa zenyewe za maana hajajaribiwa hata moja.

bibi_wa_kuku:
Chakula mwanangu, ugali sio adui, adui ni mafuta. Mimi wangu nampikia mapupu, yale ya ng'ombe buchani wanayauza bei ya kutupa, hayana mafuta mengi, nayachemsha, nayaacha yapoe, ule utando mweupe juu nautoa, nachanganya na wali au ugali laini na boga kidogo. Kifua cha kuku bila ngozi pia sawa. Ngozi ya kuku, utumbo, mchuzi wa nazi, chipsi, masalia ya kitimoto, hapana kabisa. Mpe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku badala ya sufuria moja jioni. Na sikukuu mfungie chumbani, wageni hawasikii, unageuka hivi mtu ameshamrushia mbavu. Ila muulize daktari habari ya kalsiamu, nyama na wali peke yake siku zote havimtoshi.

Chaupele:
Mafuta ya samaki je? Nasikia ni mazuri kwa viungo

kota_za_mifugo:
Kwa viungo ndiyo, ila nayo ni mafuta, kwa mwenye kongosho asianze bila daktari kusema. Cha maana zaidi apungue uzito kama ni mnene, sakafu ya vigae mtandikie mkeka au zulia kuukuu asiteleze, godoro, kucha zikatwe, ngazi wekeni ubao, na kutembea kuwe kufupi lakini kila siku.

mama_popi:
Asanteni sana, dexa nimeshakataa. Swali la mwisho, nitajuaje leo ni tumbo au ni miguu?

kota_za_mifugo:
Ya miguu inakuwa mbaya akitoka kulala, akitembea kidogo inalegea, na bado anakula. Ya tumbo anakataa chakula au anakigusa anaacha, anajilamba midomo, mate, mgongo umepinda, anahangaika akimaliza kula. Andika kwenye simu kila jioni amekulaje, ametapika au la, amenyanyukaje, daktari akiona hayo atajua dawa gani aongeze au apunguze. Na akitapika mfululizo, au maji yenyewe hayakai tumboni, au fizi zimekuwa nyeupe, mpeleke saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, anahitaji dripu.