Ziara ya albamu Ulaya: kompyuta moja ya pleibeki inatosha au tubebe mbili?

Begi_la_Ziara: Wakuu, habari za muda huu. Nasimamia ziara ya msanii wa pop, albamu mpya imeshatoka na tunaipeleka Paris, London halafu Berlin, usiku tatu mfululizo. Jukwaani ni watano: mwimbaji, dramu, kinanda na waitikiaji wawili. Magitaa na vyombo vingine vyote vinatoka kwenye kompyuta. Swali langu: moja inatosha au mbili? Mizigo imebana na muda unakwisha, naombeni msaada.

fundi_kebo: Mbili, hilo halina mjadala. Zote ziwe na faili zilezile, toleo lilelile la programu, na kila moja na kadi yake ya sauti. Katikati weka swichi inayosikiliza toni (mlio unaotoka muda wote kompyuta inapofanya kazi) kutoka kompyuta A. Toni ikikatika, swichi inahamia B yenyewe. Nyimbo kwenye zote mbili zianzishwe na pedali moja ya MIDI (inayotuma amri kwa kompyuta), la sivyo B itakuwa nyuma kidogo na mruko utasikika ukumbi mzima.

Usitoe stereo tupu, yaani kila kitu kwenye chaneli mbili. Ukiwa na chaneli 8: midundo 1 na 2, besi 3, magitaa na vinanda 4 na 5, sauti za kuitikia 6, kliki (mdundo wa kuwaongoza wanamuziki) 7, toni 8. Taa na video zikifuata taimukodi (ishara ya muda inayoziendesha pamoja na muziki), tafuta kadi yenye chaneli zaidi. Kliki iende kwenye mikisa ya masikioni tu (sauti wanayosikia wanamuziki peke yao), waya wake uwe na rangi yake, na anayeshika spika kubwa asipewe kabisa. Kliki ikiingia kwenye spika katikati ya wimbo wa taratibu, shoo imeisha.

Kabla ya kupanda: zima Wi-Fi, zima masasisho, kompyuta isilale, faili zote ziwe 48 kHz. Waya wa USB ufungwe kwa utepe usichomoke. Huo waya ndio unaoua shoo nyingi kuliko programu.

Sauti_Halisi: Kwa hiyo watu wanalipa kiingilio kuja kusikiliza kompyuta mbili. Muziki umeisha jamani.

fundi_kebo: Mwimbaji anaimba mwenyewe mkuu, chaneli 6 ni waitikiaji wa ziada. Soma kwanza.

MzeeWaKodi: Hakuna anayeuliza kitu muhimu. Ujerumani wanakata 15% ya malipo ya msanii mgeni, kisha wanaongeza ushuru wa mshikamano, 5.5% ya hiyo kodi yenyewe, jumla 15.825%. Uingereza ni 20%. Mkataba useme kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya makato. Usiposema, promota atachagua tafsiri inayomfaa yeye.

mpakani: Kodi inakatwa ukishafika. Mleta mada, viza zikoje?

Begi_la_Ziara: Viza tunazo, asante. Fundi, hizo kadi za sauti zinapita na umeme wa London?

fundi_kebo: Umeme ni 230 V kote huko, kinachobadilika ni umbo la plagi. Beba adapta moja na kebo ya soketi nyingi. Usibebe adapta kumi.

mpakani: "Tunazo" haijajibu kitu. Fungua pasipoti, tazama kibandiko cha viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) penye idadi ya kuingia. Pameandikwa 01, 02 au MULT (mara nyingi)?

Begi_la_Ziara: Mbona tunatoka kwenye mada? Nimeuliza kompyuta.

mpakani: 01, 02 au MULT?

Begi_la_Ziara: 01, wote watano. Lakini tukae sawa: ndani ya wiki moja tumerudi, siku 90 hata hatuzikaribii. Tiketi za ndege zimeshalipiwa, tunaingilia Paris na kurudi kutokea Berlin. Promota kasema wasanii hawasumbuliwi mpakani.

mpakani: Siku 90 ni hesabu ya kukaa, 01 ni hesabu ya kuingia. Uingereza haimo Schengen. Ukishapita ukaguzi wa kutoka Ufaransa, hiyo viza imekufa hata kama imebakiza wiki mbili. Ukienda kwa treni ya Eurostar, ukaguzi huo unafanyika Gare du Nord, stesheni ya Paris, kabla hujapanda. Kurudi kwa ndege, kampuni ya ndege yenyewe itakuzuia kaunta, kwa sababu ikikubeba bila viza halali inapigwa faini.

Dawa rahisi ni kugeuza njia: Paris, Berlin, London mwisho, kisha nyumbani kutokea London. Na viza ya Uingereza iwe ilitaja shoo ya malipo. Kwa mgeni aliyealikwa na taasisi ya huko, kazi inafanyika ndani ya siku 30 za mwanzo.

Begi_la_Ziara: Kugeuza haiwezekani. Mabango yameshatoka na tarehe.

gia_kubwa: Mimi naona hii ni chai. Basi au ndege kati ya miji?

Begi_la_Ziara: Basi la vitanda.

gia_kubwa: Chai iliyokolea. Shoo ya London inaisha saa 5 usiku, kupakia vyombo mpaka saa 7. Berlin ni kama kilomita 1,100 ukiweka na kuvuka mlangobahari. Sheria ya Ulaya inampa dereva saa 9 usukanini kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu. Hata madereva wawili wakipokezana mnafika jioni, kupima sauti kumeshapita. Hakuna ukumbi unaothibitisha ratiba hiyo. Mleta mada anatupima akili.

Sauti_Halisi: 😂😂 Albamu yenyewe ipo?

Begi_la_Ziara: Albamu ipo, na sidanganyi mtu. Paris mkataba umesainiwa, nusu ya malipo imeingia. London na Berlin bado ni hold, yaani ukumbi umetuwekea tarehe kwa muda bila mkataba.

mpakani: Hold! Na mabango yametoka?

Begi_la_Ziara: Msanii alitaka kutangaza ziara pamoja na albamu. Promota alisema kuthibitisha ni suala la karatasi tu.

gia_kubwa: Sawa, chai naifuta. Hii sasa ni mbaya kuliko chai.

mpakani: Kwa upande wa viza ni nafuu, tarehe ambazo hazijathibitishwa zinahamishika. Kesho asubuhi piga simu Berlin kwanza, omba tarehe ya siku mbili baada ya Paris, ndipo uongee na London wakupe tarehe ya baada ya hapo. Tiketi ya kurudi usiiguse mpaka wote wawili wathibitishe kwa maandishi. London mko hold ya ngapi?

Begi_la_Ziara: Ya tatu.

mpakani: Basi mbele yenu kuna wawili. Mmoja wao akithibitisha, nyie hamna ukumbi. Toeni London kwenye bango leo.

Begi_la_Ziara: Msanii hatakubali, ameshaliposti na mashabiki wanashea.

MzeeWaKodi: Aposti jingine lenye Paris peke yake, na chini yake "tarehe zaidi zinakuja". Hakuna shabiki atakayedai nauli.

mpakani: Na Berlin ni hold ya ngapi?