Kuna aliyefika Coronado, Arizona, pale mpakani na Mexico?

Mtu_wa_Chamwino: Wakuu habari, sista yupo Tucson anasoma, nikienda mwezi wa saba anataka tutembelee Coronado National Memorial, ile ya kumkumbuka Coronado, Mspanyola aliyetoka Mexico 1540 kutafuta miji saba ya dhahabu akaishia kukuta vijiji vya Wazuni, wenyeji wa asili wa kule. Kuna cha kuona kweli au bango tu?

KondoaYetu: Nenda mkuu, na kiingilio ni bure. Pandeni hadi Montezuma Pass, kama mita 2,000 hivi, upande mmoja bonde la San Pedro upande mwingine Mexico, watu wa kuhesabu, upepo na nyasi tu mpaka macho yanachoka. Toka hapo kwenda Coronado Peak haifiki kilomita. Ila barabara ya juu ni ya vumbi ina kona kali, sista aendeshe taratibu. Na pasipoti utembee nayo, askari wa mpaka wapo sana.

mama_J_Dom: Mwezi wa saba kule sio kama kwetu Dodoma, kwetu ni kikavu na kibaridi, kule ndo radi na mvua za mchana, kwa hiyo mlimani muende asubuhi. Pango lipo pia, mlangoni unashuka umeshika mawe kwa mikono, ndani giza totoro, kila mtu na tochi yake.

Zabibu_Kavu: Msimsahau Estevanico jamani, Mwafrika mzaliwa wa Morocco, mtumwa, alimtangulia Coronado 1539 akauawa kwa Wazuni. Mie huyo ndo ningeenda kumkumbuka.

Mtu_wa_Chamwino: Huyo sikuwahi kumsikia kabisa, asanteni sana, natafuta tochi.