Msaada wenu: "enjoin" ni kuzuia, kuamuru au kuunganisha? Nimemtia bibi wa watu hasarani

Mtafsiri_Moshi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na mtakaonisema mniseme taratibu maana nimeshajisema vya kutosha.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka hapa Moshi. Vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya kupangisha, barua za viza. Za mahakama huwa zinakuja mara mojamoja. Mwezi uliopita dada mmoja aliniletea kurasa nne za amri ya mahakama kutoka Kenya. Bibi yake anakaa upande wa Taveta, ana migomba yake kwenye ekari moja na nusu, na watoto wawili wa marehemu kaka yake wanashtakiana kuhusu eneo zima la ukoo. Bibi hasomi Kiingereza, akataka apate kwa Kiswahili ajue mahakama imesema nini.

Ukurasa wa 3 kuna sentensi inamtaja bibi kwa jina, halafu inasema "is hereby enjoined in this suit as an interested party". Kamusi ya simu ikanipa: amuru, agiza, zuia kwa amri ya mahakama. Nikapiga hesabu: mahakama, shamba, ndugu wanagombana, hapa ni kuzuia tu. Nikaandika "anazuiwa na mahakama katika shauri hili, akiwa mtu mwenye maslahi". Nikagonga muhuri, nikapokea elfu thelathini yangu.

Bibi aliposomewa alishika neno moja tu, kazuiwa. Akaweka panga chini. Wiki tatu na siku kadhaa hajakata mkungu hata mmoja, ndizi zimeivia migombani, tumbili wanakula mchana kweupe na yeye anawaangalia kutoka mlangoni kwa kuogopa kufungwa. Jana mjukuu amekutana na mtu anayejua mambo ya mahakama, kasoma Kiingereza chenyewe, akacheka. Kamwambia bibi hakuzuiwa kitu, ameingizwa kwenye kesi.

Sasa hili neno lina maana ngapi? Na tafsiri iliyokwisha kutoka na muhuri wangu naisahihisha vipi?

---

Kibao_Kata

Mkuu pole, ila nimecheka. Tumbili nao wana maslahi katika shauri, waunganishwe.

---

Mzee wa Masjala

Mwanangu, mimi nimestaafu ukarani wa mahakama, nimekaa masjala miaka 31. Nitakuambia tulivyokuwa tunafanya sisi tusiokuwa na digrii. Kitenzi hicho hukitazami chenyewe, unatazama kilichokifuata. Ikiwa "enjoined from", mtu amekatazwa. Ikiwa "enjoined to", ameagizwa atende. Yako ina "in this suit". Ungejiuliza tu: anazuiwa asifanye nini? Hakuna. Amri ya zuio haiwezi kukosa kitu kinachozuiwa. Itasema usikate miti, usiuze, usijenge, usiwabughudhi wenzako, na itasema mpaka lini: hadi shauri la msingi lisikilizwe, au hadi tarehe fulani. Na mara nyingi utakuta onyo kwamba atakayekaidi atawajibishwa kwa kudharau mahakama. Bibi yetu alipewa zuio lisilo na mkia wala kichwa.

Sikulaumu sana. Kumbukumbu za mashauri ya juu tulikuwa tunaandika kwa Kiingereza miaka yote, wadaawa wamekaa kwenye benchi hawaelewi kinachosomwa. Sheria Na. 1 ya 2021 ndiyo iliyokuja kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama huku Tanzania. Lakini amri yako imetoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo haikuhusu.

---

Wakili wa Milimani

Ndugu yangu wa Moshi, pole sana. Hilo kosa nusu ni lako na nusu ni letu mawakili wa Kenya. Huku kwetu utasikia kila siku kortini "tunaomba mteja wetu aenjoiniwe kama interested party". Tunamaanisha aunganishwe, awe sehemu ya kesi. Kanuni zenyewe hazitumii neno hilo. Ukisoma Order 1 rule 10 ya Civil Procedure Rules za 2010, yaani kanuni zetu za kesi za madai, inazungumza kuhusu kuongeza jina la mtu au kumuunga katika shauri, na kitenzi chake ni "join". Mahali fulani njiani watu wakaona "enjoin" ina uzito zaidi, inasikika kisheria zaidi, na sasa imejaa kwenye maombi yetu mpaka kwenye maamuzi ya majaji. Mwingereza akiisoma anashtuka kama ulivyoshtuka wewe. Mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi na sina uhakika kama nitaacha.

Njia nyingine ya kugundua: kama bibi angezuiwa kweli, huo uamuzi ungekuwa umepima yale mambo matatu ya Giella dhidi ya Cassman Brown, kesi ya 1973 ambayo kila wakili Kenya anaijua hata akiwa usingizini. Je, mwombaji ana hoja yenye uzito wa kutosha? Je, ataumia kwa namna ambayo pesa haiwezi kufidia? Na korti ikibaki na shaka, ni upande gani utapata tabu zaidi? Kama hakuna hata moja ya hayo kwenye kurasa nne, hakuna zuio hapo.

Lakini wacha ndizi kwanza. Mtu akiunganishwa, korti humpa siku za kuleta majibu yake. Angalia mwisho wa amri. Amepewa siku ngapi?

---

Mzee wa Masjala

Wakili umenikumbusha, kwetu ilikuwa Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969. Mambo ni yale yale matatu. Na swali lako ndilo swali. Mwanangu, fungua ukurasa wa 4.

---

Mtafsiri_Moshi

Nimefungua. Siku 30 tangu alipokabidhiwa amri, awe ameleta hati ya kiapo. Hiyo sentensi niliitafsiri sawasawa kabisa, ila bibi baada ya kusikia "anazuiwa" hakusikiliza tena mengine. Leo ni siku ya 24.

---

Wakili wa Milimani

Basi leo hii mpigie mjukuu. Bibi apelekwe kwa wakili wa karibu naye, Taveta au Voi, akiwa na amri yenyewe na karatasi yoyote aliyo nayo ya shamba: barua ya chifu, risiti, chochote. Akipitisha siku 30 anaweza kuomba aongezewe muda, lakini hiyo ni ombi lingine na ada nyingine. Tafsiri yako itasubiri.

---

Mwl. Historia

Wakati anapiga simu, mimi nijibu swali la maana ngapi, maana mada imenigusa.

Mzizi ni Kilatini, *iniungere*. Ndani yake kuna *iungere*, kuunganisha, kufunga kitu kwenye kitu. Ukoo huohuo ndio wenye *iugum*, yaani nira, ile mbao ya shingoni mwa ng'ombe wanaolima. Kwa hiyo *iniungere* ni kumfungia mtu kitu, kumtwika. Kikapita kwenye Kifaransa cha kale kama *enjoindre*, kikaingia Kiingereza karne ya 13. Mwanzoni hakikuwa cha wanasheria. Kilikuwa cha mapadri: umeungama, padri anakutwika kitubio. Hapo kukataza hakumo kabisa, ni kupewa jambo la kufanya.

Hali ikabaki hivyo karne kadhaa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, alitoa maagizo kwa makanisa ya Uingereza, nayo yaliitwa "Injunctions", jina la mzizi huohuo. Kila kanisa liweke Biblia ya Kiingereza mahali watu wanaweza kuisoma, na kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Wazungu wanaotafuta mababu zao leo wanachimba kwenye vitabu hivyo. Yote ni fanya hiki, fanya kile.

Kilichogeuza upepo ni mahakama ya Chancery. Mahakama za kawaida za Uingereza zilikuwa hodari wa kukupa fidia baada ya kuumia. Jirani ameshakata mti wako, haya, chukua pesa. Ukitaka akomeshwe kabla hajaukata, ulikwenda kwa Chansela, mkuu wa mahakama hiyo, ambaye kwa karne nyingi kwa kawaida alikuwa askofu, na yeye alishughulika na dhamiri ya mtu. Alimwambia fulani kwa jina lake: wewe, acha. Akikaidi anakwenda jela mpaka atii. Chansela alifika hata kumkataza mtu asiendelee na kesi yake mahakama nyingine, na kumkataza aliyeshinda asidai alichoshinda. Jaji mkuu Edward Coke alikasirika mno, ugomvi ukafika kwa mfalme James I, naye mwaka 1616 akaamua Chansela yuko sahihi. Kwa kuwa nyingi ya amri hizo zilikuwa za "acha", kitenzi cha kutwika kikazoea kumaanisha kukataza.

Mazoea yakakolea mpaka yakachekesha. Hata pale mahakama ilipotaka mtu abomoe ukuta, iliona haya kumwambia "bomoa". Iliandika kwamba anakatazwa kuuacha ukuta uendelee kusimama. Mtindo huo ulikwisha rasmi mwaka 1899 katika kesi ya Jackson dhidi ya Normanby Brick, majaji waliposema amri ya kutenda iandikwe waziwazi kama ya kutenda.

Kwa hiyo ndugu zetu wa Nairobi, bila kukusudia, wamerudisha neno kwao kwenye kuunganisha. Wamekosea Kiingereza, wamepatia Kilatini.

---

Bint Pate

Assalaam alaykum. Naongeza jambo dogo. Wanaosoma tafsiri za Qur'ani kwa Kiingereza wanalijua neno hili kwa upande wa pili. Aali Imran aya ya 104, "kuamrisha mema na kukataza maovu", wafasiri wengi wa Kiingereza wameweka "enjoin" kwenye *kuamrisha*, na "forbid" kwenye *kukataza*. Mimi nimelikuta madrasa nikiwa mdogo kwa maana hiyo. Siku ya kwanza kusoma gazeti la Marekani kwamba jaji "enjoined" serikali, nilidhani ameiamrisha iendelee! Nikashangaa wanaharakati wanashangilia nini.

---

Mkalimani_Minneapolis

Dada Bint Pate, hilo lilinitokea hadharani. Nakalimani mahakamani huku Minnesota. Amri ya mambo ya familia inasema mume "is enjoined from" kufika nyumbani. Nami siku hiyo, mgeni kazini, nikasema "ameagizwa na mahakama kuhusu kufika nyumbani". Yule bwana akaitikia kwa furaha. Jaji akamtazama, akanitazama. Nikaomba ruhusa nijisahihishe, jasho hilo.

Huku maana ya kukataza ndiyo imetawala sheria. Mwaka 1894 wafanyakazi wa reli waligoma kuanzia kwenye kiwanda cha mabehewa cha Pullman huko Chicago, mahakama ikatoa zuio dhidi ya viongozi wao, Eugene Debs akafungwa kwa kulikaidi, na mwaka 1895 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikasema sawa. Waajiri wakaona njia nyepesi ya kuvunja migomo, mpaka Bunge likapitisha sheria ya Norris–LaGuardia mwaka 1932 kuwapunguzia majaji mkono. Ukiwa na hadithi hiyo kichwani husahau tena kwamba "enjoined" ni kufungwa mikono.

---

Kibao_Kata

Mnashangaa Kiingereza, Kiswahili je? Niambie "Juma amefungwa". Goli? Jela? Au kidonda chake? Mwambie Juma "amefunga": ndoa, duka, Ramadhani au mabao mawili? Vyote ni kamba ileile. Na hakuna aliyewahi kumpelekea Juma ndizi gerezani kumbe yuko fungate.

---

Mwl. Historia

Kibao umenifunga.

---

Mzee wa Masjala

Nirudi kwenye muhuri. Usifute wala usichore juu ya tafsiri ya zamani. Toa mpya yenye tarehe mpya, juu yake andika kwamba inachukua nafasi ya ile ya tarehe fulani na utaje sentensi iliyorekebishwa. Saini, muhuri. Mpe yuleyule uliyempa ya kwanza, na umwombe akurudishie nakala ya zamani isije ikazagaa. Kama ya kwanza ilishapelekwa mahakamani, wakili wa bibi aambiwe. Kwa maneno, andika "anaunganishwa katika shauri hili akiwa mtu mwenye maslahi". Usiandike "anajumuishwa", wazee wakisikia hivyo hudhani wamehesabiwa na washtakiwa.

Na ada ya elfu thelathini, busara yako.

---

Mtafsiri_Moshi

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa kimya cha siku nne.

Bibi alifikishwa kwa wakili siku ya 26, kiapo kikawasilishwa siku ya 28. Tafsiri ya kwanza haikufika mahakamani, ilikuwa imebandikwa kwa gundi nyuma ya mlango wa bibi ili wageni wote waone kwamba hana ruhusa ya kukata ndizi. Mjukuu ameibandua, nusu ya ukurasa imebaki kwenye mbao. Elfu thelathini nimerudisha.

Jana nikaongea na bibi mwenyewe kwa simu. Nilimwamkia, nikaomba radhi, nikaanza kumweleza habari za nira na Chansela. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mikungu aliyopoteza ni tisa, anaijua mmojammoja na mgomba uliozaa, na siku ya soko Taveta mkungu wa aina ile hauuzwi bei ya kutupa. Akauliza nitaleta mwenyewe au nitatuma kwa simu.

Natuma kwa simu Jumatatu.