Nashindwa kuliacha shamba la mwani alilonirithisha mama

Mkulima wa Mashariki:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninalima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, katika shamba nililorithi kwa marehemu mama yangu, ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia katika kazi hii mapema, baada ya kilimo cha biashara kuanza Paje na Jambiani mwaka 1989. Kwa kotonii, aina ya mwani aliyoilima, alitusomesha sote na akajenga nyumba ya bati. Mimi nikiipanda huanza vizuri, kisha matawi hupauka, hulegea na kukatika, hata nikishuka bamvua linalofuata, siku za maji kupwa sana, hukuta vikamba vinaning'inia vitupu. Wenzangu wamehamia spinosamu, aina nyingine ya mwani, na wengine wameacha kabisa. Najua kwamba ninatupa fedha, lakini kila nikitaka kung'oa vigingi vile huona kama ninamzika mama mara ya pili. Mtu huliachaje jambo lililomlea?

Bi wa Jambiani:
Waalaykum salaam, na pole sana mdogo wangu. Kwanza usijilaumu, kwa sababu hata mama yako angelikuwapo leo, kotonii isingelimkubali pale pale. Maji ya kina kifupi siku hizi hupata joto kali wakati wa kupwa, mwani ukadhoofika, kisha vijidudu vikaushambulia, na huko kupauka unakokuona ndiko mwisho wake. Kotonii bado inawezekana katika maji yenye kina, ila inahitaji chombo na kujua kuogelea, jambo ambalo wengi wetu wanawake hatukufunzwa. Spinosamu inastahamili zaidi. Sikufichi kwamba bei yake ni ndogo na tunaipanda kwa kukosa jengine, ndiyo maana baadhi ya vikundi vinasaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu peke yake.

Mzee wa Wete:
Mwanangu, sisi wa Pemba tuna habari ya namna hiyo, ingawa kwa upande wa pili. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi hutoka huku. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyeangukiwa na shamba hakuwa na njia ya kuirudisha mali yake kwa msimu mmoja au miwili. Wewe una nafuu, kwani mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, na ukikosea leo utajua kabla ya mwaka kwisha.

Ukhti wa Mkoani:
Kwa heshima zote, naona wakubwa zangu wamekimbilia bei na historia, hali dada ameuliza juu ya mama yake. Dini yetu imeuwekea msiba mpaka: siku 3 kwa jamaa, na miezi 4 na siku 10 kwa mjane. Mapenzi hayafiki ukomo siku hiyo, lakini aliye hai ana haki zake, na watoto wanataka kula. Ninalopendekeza ni hili: fedha unazonunulia mbegu ya kotonii kila msimu, chukua sehemu yake umtolee mama sadaka. Hiyo itamfikia, inshaallah, kuliko mwani unaooza baharini kwa jina lake.

Bi wa Jambiani:
Maneno ya ukhti nimeyakubali, ila naongeza moja. Vigingi usiving'oe, kwa kuwa spinosamu hufungwa kwenye kamba na vigingi vile vile. Kinachobadilika ni mbegu tu.

Mkulima wa Mashariki:
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Hilo la vigingi sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Bi, mbegu ya spinosamu mnaomba kwa jirani au mnanunua, na je, niifunge bamvua hili au nisubiri jua lipungue?

Bi wa Jambiani:
Sisi huombana. Njoo bamvua hili, ila uje asubuhi na mapema, na kikapu chako kiwe na maji maji.