Bendi zinaitwa "Jazz", mbona jazi yenyewe siisikii?

AltoMpweke

Wakuu habari zenu, na wazee waliomo humu shikamooni.

Napuliza saksafoni, alto, mwaka wa nne huu. Mwalimu wangu ni simu: namweka Charlie Parker, yule mpuliza alto wa jazi wa Marekani, masikioni, narudisha nyuma sekunde tano, napuliza, narudisha tena. Dirishani nimesimamisha godoro ili majirani wasinilaani. Sasa Jumamosi iliyopita mjomba akaniambia, "Vaa shati la maana twende ukasikie jazz, uache kutulilia kama mbu." Akanipeleka ukumbi mmoja hapa Dar, bendi ya siku nyingi, watu wazima watupu.

Nikakaa karibu na jukwaa niwavizie wapulizaji. Matarumbeta mawili na saksafoni moja. Wanapuliza kipande kifupi, wanashusha vyombo, wanajifuta jasho, wanasubiri. Waimbaji wanne wamejipanga mstari. Mimi nangoja mtu aachiwe uwanja apige solo yake kama ninavyojua: wimbo unapigwa mara moja, kila mtu anabuni yake juu ya kodi (chords) za wimbo kwa zamu, kisha mnarudi kwenye wimbo. Wapi! Wimbo ukaisha, au mimi nilidhani umeisha, magitaa yakakaza mwendo, nikatazama saa. Dakika kumi na moja wako kwenye kitu kilekile, gitaa la solo linarudia kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Na sikuchoka, hilo ndilo linalonisumbua. Shati lilikuwa limelowa na nilichokisikia sikijui.

Kwa nini waliitwa Jazz? Ile ni jazi kweli? Halafu mjomba anafahamiana na kiongozi wa bendi, anataka Jumanne nikajaribiwe mazoezini. Niandae nini?

Santuri45

Mkuu, "Jazz" hapo ni cheo, si muziki. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, Western Jazz 1959, ongeza Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga. Ukishakuwa na ala za kisasa na watu wa suti, unajiita Jazz, kama kibanda kinavyojiita Supa. Walichokuwa wanapiga ni dansi, na rumba ya Kuba iliyokuja kwenye santuri ina mkono mkubwa humo. Parker hahusiki. Mwambie mjomba akuache na mbu wako.

RizimuMstaafu

Marahaba kijana. Santuri45 kasema kweli juu ya jina, ila hilo la "Parker hahusiki" simwachii lipite.

Nilipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya shirika moja la umma, 1979 hadi 1991. Vyombo mali ya shirika. Ukiacha kazi unaacha na gitaa, unarudi nyumbani na vidole vyako. Ulichokisikia wimbo "ulipoisha" kinaitwa chemko. Mwanzo wa wimbo ni wa waimbaji na umepangwa: mtunzi kauleta, tumeufanyia mazoezi wiki nzima, hakuna wa kugusa neno. Chemko ndiko kwetu sisi wa nyuma.

Nitazame mkono. Mimi wa rizimu nina kipande cha noti sita na sitoki humo hata nyumba iungue. Mwenzangu wa solo ya pili anaingiza chake kwenye matundu ninayoyaacha, tunasukana mpaka asiyejua anadhani ni gitaa moja. Mpiga solo anakaa juu yetu. Anarudia, ndiyo. Lakini mara ya tano kahamisha noti moja. Mara ya nane kaanza kuchelewa kidogo, besi kamsikia, kaacha pigo moja wazi, na mtu wa tumba, zile ngoma za kupigwa kwa mikono, kaliziba kabla hujapepesa jicho. Nani alipanga? Hakuna. Huko kwenu mnabuni kwa zamu, mmoja anasema wengine wanamshikia mwavuli. Huku tunabuni wote kwa pamoja, kidogo kidogo, na anayetaka kuonekana sana ndiye anayeharibu. Wewe ulikuwa unamtafuta mtu mmoja, ndiyo maana hukumwona.

Redioni huwezi kuyasikia vizuri haya. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania, na wimbo ulibanwa. Kwenye zile santuri ndogo ndiyo balaa: wimbo unakatwa vipande viwili, utamu ukikolea inabidi uinuke ukageuze upande.

Usiku mmoja Morogoro umeme ulikatika katikati ya chemko. Magitaa kimya, maiki kimya, giza. Drams na tumba hawakusimama. Matarumbeta wakakidaka kipande cha mpiga solo, wakakipuliza vilevile alivyokiacha, watu wanacheza kwa mwanga wa viberiti. Mpiga solo wetu alikaa juu ya spika, gitaa mapajani, anapiga makofi kama mteja. Umeme uliporudi aliingia palepale, na sidhani kama kuna mchezaji aliyegeuka kumtazama.

Kuhusu jina tena: Nuta Jazz ya 1964 ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, leo ni Msondo Ngoma. "Jazz" imedondoka njiani na sijasikia aliyeililia. Msondo ndio ulikuwa mtindo wao, kama Western walivyokuwa na saboso, Vijana Jazz kokakoka, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, sikinde. Watu waligombania mitindo hiyo kama wanavyogombania Simba na Yanga.

Jumanne usiandae solo. Watazame matarumbeta wanapovuta pumzi, nawe vuta pamoja nao. Mengine watakwambia.

MamaWaSikinde

Mzee RizimuMstaafu shikamoo. Umesema vizuri lakini mmetusahau sisi tulio chini ya jukwaa.

Mimi nikienda kumtuza mpiga solo sibandiki elfu tano kwa mkupuo. Nakwenda na za elfu moja moja. Nambandika moja kwenye paji la uso, naondoka kwa madaha kama nimemaliza, nafika nusu ya ukumbi, nageuka. Sasa niambieni, ni bendi gani itafunga chemko wakati mimi nimo njiani narudi? Kwa hizo dakika kumi na moja za huyu mwanangu, nina hakika kulikuwa na mwanamke wa aina yangu.

AltoMpweke

Mama, alikuwepo! Kitenge cha njano, kibeti kwapani, nilihesabu akirudi mara nne nikidhani kapoteza kitu.

Nimetoka mazoezini leo. Wamenipa noti nne. NNE. Napuliza pamoja na tarumbeta mbili, nasubiri, napuliza. Mara ya kumi hivi nikaona nafasi, nikatia vidoido vya Parker, harakaharaka, vilitoka safi kuliko vinavyotoka chumbani. Mzee wa tarumbeta hakusema kitu. Alishusha chombo, akanitazama viatu, akapandisha macho taratibu mpaka usoni, akapandisha chombo. Nikarudi kwenye noti zangu nne.

Nusu saa baadaye gitaa la solo likachelewa kidogo, mzee, kama ulivyosema. Mwili ukanituma niiangushe noti ya nne nyuma nyuma nayo ichelewe. Sikuwaza. Yule wa besi akacheka peke yake, akiwa ameinama.

Jumamosi nimepangiwa kusimama nao, mwisho wa mstari, upande wa feni mbovu. Mjomba ameshanunua viatu, anasema ni vyake.

Santuri45

Ukumbi gani? Nauliza tu.