Pembe za twiga huota kutoka wapi?

Mdadisi: Wanajukwaa, salaam. Ndama wa twiga huzaliwa akiwa na vipembe vilivyolala kichwani, ilhali ndama wa ng'ombe huzaliwa bila pembe. Je, vipembe hivyo ni sehemu ya fuvu?

Mwalimu wa Bayolojia: Hapana, si mwanzoni. Huwa ni gegedu (tishu inayopindika, kama ya sikio) isiyoshikamana na fuvu, ndiyo maana hulala bila kumjeruhi mama wakati wa kuzaa. Baadaye hugeuka mfupa na kuungana na fuvu baada ya miaka kadhaa, huku ngozi yenye manyoya ikiendelea kuifunika.

Daktari wa Mifugo: Kwa ng'ombe pia, mfupa wa pembe huanzia katika tishu za chini ya ngozi, kisha hushikamana na paji na kuvikwa ala ya keratini (protini ngumu kama ya kucha). Mwaka 1933 Franklin Dove, wa Chuo Kikuu cha Maine nchini Marekani, alihamishia vichipukizi vya pembe vya ndama mchanga katikati ya paji, na fahali huyo akaota pembe moja imara iliyoshikamana na fuvu. Wafugaji wanaochoma vichipukizi mapema ili pembe zisiote hutumia nafasi hiyohiyo, kabla havijashika mfupa.

Mdadisi: Ahsanteni. Na faru?

Mwalimu wa Bayolojia: Faru hana mfupa ndani ya pembe, ni keratini tupu. Jamii ya kulungu wa Ulaya ndiyo ya ajabu zaidi, kwani pembe zao zenye matawi, ambazo ni mfupa mtupu, huchipuka kutoka kwenye utando wa mfupa wa paji, hudondoka na kuota upya kila mwaka.